Vifungo Visivyojua Kusifu

Mimi ni mama mkwe, na kazi ya mama mkwe naijua. Nimeshona nguo za watu maisha yangu yote, kwa hiyo jicho langu halipitwi na pindo lililokwenda upande, na mdomo wangu haulali na neno. Mwanangu alipooa nilijiandaa kabisa kukosoa. Nilikagua mapazia, nikakagua vitanda, nikakagua hata namna nguo zilivyoanikwa, na kila mahali nilipata la kusema. Isipokuwa mezani. Siku ya kwanza nilipoonja chakula cha mke wa mwanangu niliinamisha kichwa nikala mpaka sahani ikabaki nyeupe, na sikusema kitu. Miaka ikapita sijapata kosa kwenye sufuria yake, jambo ambalo, nisiseme uongo, liliniudhi.

Mkwe wangu alikuwa mpishi mkuu wa hospitali. Usifikirie jiko la nyumbani. Fikiria masufuria ambayo mtu mzima angeweza kujificha ndani, na miko mirefu kama makasia. Wenzake walimwita Mkono, kwa sababu chumvi aliitia kwa kiganja, bila kijiko wala mizani, kisha akaonja mara moja tu na kufunika. Wagonjwa waliogoma kula kila kitu walikula chakula chake. Aproni yake niliishona mimi, kwa kitambaa kizito cheupe walichopewa kazini, na kifuani nikadarizi kwa uzi wa buluu: Mkono.

Kisha ikaja homa. Ilimlaza kitandani hadi tukaanza kuongea kwa kunong'ona ndani ya nyumba. Alipona, mwili ukarudi, nywele zikarudi, lakini pua na ulimi havikurudi. Kitunguu kilichoungua hakukisikia. Sukari na chumvi kwake vyote vilikuwa mchanga. Daktari alimwambia huenda hali hiyo ikaisha na huenda isiishe, na kwamba hakuna dawa ya kuiharakisha.

Siku aliyoingia jikoni kwa mara ya kwanza alipika maharage. Nilimwona kutoka mlangoni akitia chumvi kwa kiganja, akionja, akisubiri, akitia tena, akionja tena. Tulipokaa mezani, mwanangu alitia kijiko kinywani na macho yakamtoka.

"Vipi?" mkwe wangu akauliza.

"Tamu," mwanangu akasema. "Tamu sana, mke wangu."

Mkwe wangu akanigeukia mimi. Chumvi ya maharage yale ingeweza kukausha ngozi ya ng'ombe. Lakini nilimtazama usoni, nikaona jinsi alivyokonda na jinsi alivyokuwa akingoja, na moyo wangu wa mawe ukaniangusha.

"Tamu, mwanangu," nikasema. "Mkono ni ule ule."

Aliweka kijiko chini. "Mama," akasema, "tangu niolewe hujawahi kunisifu hata siku moja."

Akatutazama tukinywa maji, glasi baada ya glasi, kisha akainuka, akachukua sufuria, akaenda kumwaga yote. Tangu siku hiyo hakupika tena. Mwanangu akawa ndiye mpishi, yaani tukawa watu wa mayai. Asubuhi mayai, jioni mayai, na mgeni akija, mayai mawili.

Kazini walimpa likizo ndefu ya ugonjwa, na msimamizi wa jiko akasema nafasi yake inamngoja hadi likizo iishe, ila siku hiyo atataka jibu. Jibu mkwe wangu alikuwa nalo tayari. Aliifua ile aproni, akaipiga pasi, akaja kuniwekea juu ya cherehani.

"Mama, nifumulie hilo jina. Nikiirudisha, mwingine ataivaa."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," nikamwambia.

"Halikuvunjika koleo, mama. Umekatika mkono wa mhunzi."

Nikamwambia tu kwamba kile kisu changu kidogo cha kufumulia nyuzi sikioni, nikikipata nitafumua. Kisu kilikuwa mfukoni mwangu.

Sasa, mkwe wangu ana mdogo wake wa kiume ambaye kazi yake ni kutunza matangi ya samaki. Huzunguka kwenye ofisi na vyumba vya madaktari vya kungojea, kote walikoweka samaki wa kutuliza watu, akisugua vioo na kubadilisha maji. Sisi humwita Fundi Maji. Siku moja alikuja amebeba tangi la kioo kifuani, dogo, si kubwa kuliko sanduku langu la vitambaa, na mwanangu akifuata nyuma na ndoo tatu.

"Dada, naomba ulitunze hili," akasema. "Kwangu hakuna nafasi."

"Lirudishe," mkwe wangu akasema, bila kuinuka kitini.

Fundi Maji alifanya kama hakusikia. Alizunguka sebule akitafuta pa kuliweka. Dirishani hapana, jua litaotesha ukungu wa kijani. Juu ya kabati la vyombo hapana, maji ni mazito kuliko watu wanavyodhani, na kabati lile lilikwishaanza kuinama kwa sahani tu. Mwisho akasimama mbele ya meza yangu ya kukatia nguo, mbao ngumu, miguu minne minene, akaipapasa.

"Hii," akasema.

"Hiyo ni meza ya kazi," nikasema.

"Ndiyo maana, mama."

Nilitoa meza yangu, na usidhani niliitoa kwa upole. Nilimweleza Fundi Maji yote niliyofikiri kuhusu samaki, na kuhusu yeye. Alinisikiliza hadi mwisho, akatoa pima maji mfukoni, kile kijiti cha mafundi chenye kiputo cha hewa ndani, akailaza juu ya meza na kutia vipande vya kadi chini ya mguu mmoja hadi kile kiputo kikatulia katikati. Hapo ndipo mkwe wangu alipoinuka kuja kuona. Nadhani ni kile kiputo kilichomwinua. Mpishi wa masufuria makubwa hawezi kuona kitu kikisawazishwa na asije.

Wakaosha mchanga, maji baada ya maji, hadi ukaacha kutoa vumbi. Wakajaza pipa maji yaliyochujwa kwa mashine, kwa sababu maji ya bomba yana mambo mengine ndani yake yasiyofaa. Kisha Fundi Maji akafungua mfuko wa chumvi.

"Hii si ya jikoni," akasema. "Hii ina madini yote ya bahari. Tunaitia kidogo kidogo, tunakoroga, tunapima."

Mkwe wangu alitia mkono kwenye ule mfuko, akatoa kiganja kimejaa, mkono ukapanda juu ya pipa kama ulivyozoea. Ukaishia hapo hewani. Aliirudisha ile chumvi taratibu, akajipangusa kwenye gauni.

"Tia wewe," akamwambia ndugu yake. "Mimi nitajuaje?"

Fundi Maji hakumbembeleza. Alitia chumvi, akaacha pampu ikoroge kwa muda mrefu, kisha akatoa kifaa mfano wa kidarubini kidogo. Akadondosha tone moja la maji kwenye kioo chake, akafunika, akampa. "Elekeza kwenye mwanga wa dirisha. Unaona nini?"

"Naona buluu juu na nyeupe chini."

"Pale zinapokutana ndiyo chumvi yako. Mstari ukiwa chini, haijatosha. Ukipanda kupita hii alama, imezidi."

Alikaa na kile kidarubini jichoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kumbe inaonekana," akasema.

Akatia kijiko kimoja, akangoja ikoroge, akapima. Akatia nusu. Akapima tena. Mwanangu alikaanga mayai, tukala, na yeye bado alikuwa pale dirishani na jicho moja limefumbwa.

Baada ya maji kutulia na hita ndogo ya umeme kuyapa joto lake, Fundi Maji akaleta mawe ya matumbawe, yenye matundu matundu, yamefungwa ndani ya matambara mabichi. Waliyapanga kwa uangalifu, jiwe juu ya jiwe, yasije yakaanguka na kuvunja kioo, wakaacha mapango katikati. Taa ikawashwa, pampu ikaanza kusukuma maji huku na huku. Nikavuta kiti nikakaa.

"Haya, samaki wako wapi?"

"Bado, mama," Fundi Maji akasema. "Wiki kadhaa."

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba samaki akila lazima achafue, na uchafu ule hugeuka sumu, na kwenye mawe yale kuna vijidudu visivyoonekana ambavyo chakula chao ni hiyo sumu yenyewe. Lakini lazima vizaane kwanza, viwe vingi, ndipo samaki waingie. Ukitia samaki leo, wiki ijayo unazika. Kwa hiyo mkwe wangu akawa anatupia vipunje vya chakula cha samaki ndani ya tangi lisilo na samaki, ili vioze, ili vile vijidudu vipate riziki. Nikamwambia nimeona wapishi wengi, lakini sijaona anayepikia wageni ambao hawajazaliwa. Alitabasamu. Ulikuwa muda mrefu sijamwona akitabasamu, nikajisikia kama nimepewa zawadi.

Lile tangi lisilo na kitu likamtoa kitandani. Kila asubuhi alichota maji kwenye vichupa, akadondosha dawa ya kupimia, akatikisa, akanyanyua kwenye mwanga kutazama rangi. Rangi hii ina maana sumu imepanda, ile ina maana imeanza kushuka. Alifanya kwa utulivu ule ule aliokuwa nao jikoni zamani, bila haraka na bila kusahau. Mimi nilijifanya nashona. Sindano ilitulia kwenye kitambaa nikimtazama, na nilijivuna kwa ajili yake kana kwamba nilimzaa mimi.

Kuna kipindi mawe yaliota utando wa kahawia, mchafu, kama masizi ya mafuta kwenye ukuta wa jiko. Nisingeweza kuvumilia. Nilichukua brashi na sabuni na nilikuwa nimekwishakunja mikono ya nguo aliponishika.

"Sabuni hapana, mama. Itaua kila kitu."

"Basi utaacha nyumba iwe hivi? Mtu akija?"

"Hiyo ni hatua. Inakuja, inapita. Tukiihangaikia tunaanza upya."

Huyu ni mwanamke aliyekuwa akirudisha sufuria kusuguliwa mara tatu. Nikaweka brashi chini. Na kweli, utando ukaisha wenyewe, ukafuata ukijani kidogo, Fundi Maji akaleta konokono wadogo, wakaanza kufyonza vioo mchana kutwa bila kuambiwa. Nimewahi kuwa na wasaidizi wa kushona waliokuwa wavivu kuliko konokono wale.

Siku rangi za vichupa zilipokuwa zote sawa, waliingia wageni. Walikuwa samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mishipi myeupe, wafupi kama kidole changu cha shahada. Hawakumwagwa tu ndani. Mfuko wao ulielea kwanza ili joto lilingane, kisha wakadondoshewa maji ya tangi kwa mrija mwembamba, tone kwa tone, hadi wakazoea. Wiki chache baadaye kikaja kijiwe kimoja kimejaa vinundu vilivyojikunja, rangi ya udongo.

"Hivi ndivyo ulivyovileta?" nikamuuliza Fundi Maji. "Vimekufa."

"Vimeshtuka tu na safari. Hayo ni matumbawe, mama. Ni wanyama."

Kesho yake asubuhi mkwe wangu aliniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu homa. Vile vinundu vilikuwa vimefunguka. Kila kimoja kilikuwa duara, katikati kijani cha kung'aa, ukingo wa rangi ya moto, na nyuzi fupi pembeni zikicheza na maji. Nimeuza vifungo, nimeshona vifungo vya harusi na vya majeshi, vya pembe na vya lulu, na nakwambia hakuna fundi aliyewahi kutengeneza vifungo kama vile. Nililia kidogo. Nilisema ni mwanga wa taa.

Tukaviita Vifungo, jina likabaki.

Kilichonishangaza ni jinsi mkwe wangu alivyovisoma. Joto likizidi vinajikunja. Pampu ikivipulizia sana vinainamia upande. Chumvi ikikaa sawa vinajitanua hadi jiwe halionekani. Kila siku maji yalipungua kidogo kwa mvuke, na kila siku aliyajaza hadi alama aliyoweka kwenye kioo, kutoka kwenye dumu lililokuwa chini ya meza. Hatukumuuliza ni maji gani. Madumu yalikuwa mawili.

Basi mama yake mzazi akaugua, mkwe wangu akaenda kumuuguza siku kadhaa. Alimwachia mwanangu maagizo akiwa mlangoni, mfuko begani: lisha kidogo, usiguse kitu, maji yakishuka jaza. Mwanangu alikubali kwa kichwa, kama wanaume wanavyokubali.

Joto la siku zile lilikuwa kali, na feni tuliiacha ikizunguka. Maji yakashuka kwa kasi. Mwanangu akafungua dumu la kwanza, akalamba kidole, halina chumvi. Akafungua la pili, lina chumvi.

"Hawa ni wa baharini," akasema. "Wanataka ya baharini."

"Bila shaka," nikasema mimi, mtaalamu.

Akajaza kwa dumu la chumvi. Kesho yake akajaza tena. Siku ya tatu Vifungo vilipoanza kujikunja, mwanangu akafikiri vimekosa nguvu, akaongeza na chumvi kidogo kutoka kwenye mfuko. Siku iliyofuata havikufunguka kabisa. Samaki walikaa chini ya pango wakipumua haraka haraka.

"Mama, tumwambie nini?" mwanangu akaniuliza.

Hapo ujue sisi tulivyokuwa. Tangu yale maharage, nyumba yetu ilikuwa na mila mpya: jambo lolote la kumuumiza, hasikii. Kikombe kikivunjika, kimepotea. Msimamizi wa jiko akipiga simu, ni mtu amekosea namba. Tulikuwa wataalamu.

"Tumwambie vimelala," nikasema.

Mkwe wangu alirudi mchana. Hakusalimia. Aliweka mfuko mlangoni, akaenda moja kwa moja mezani, akapiga magoti mbele ya kioo.

"Mmefanya nini?"

"Hatujafanya kitu," nikasema. "Viko vizuri. Vimelala tu. Hata jana vilipendeza sana."

Alichukua kile kidarubini, akadondosha tone, akaelekeza dirishani. Nilimwona bega likishuka. Akampa mwanangu atazame, kisha akanipa na mimi, na hata mimi nisiyejua kusoma mambo hayo niliona ule mstari ulivyopanda kupita alama. Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata mlangoni.

"Ulijaza kwa dumu lipi?" akamuuliza mumewe.

Mwanangu akalionyesha kwa kidole. Kisha akaonyesha na mfuko wa chumvi, maskini, kwa sababu akianza kusema kweli hawezi kuishia katikati.

Nilingoja machozi. Badala yake mkwe wangu alikaa chini sakafuni, akamtazama mwanangu kama anavyotazamwa msaidizi mpya jikoni.

"Mchuzi ukikauka motoni, unaongeza nini?"

"Maji."

"Kwa nini huongezi chumvi?"

"Kwa sababu chumvi si ipo mle mle?"

"Ipo mle mle. Maji yanapanda na mvuke, chumvi haiendi popote. Ndiyo maana mchuzi uliokauka una..." Aliangalia kiganja chake, kile cha kulia, akakifunga na kukifungua. "Hili nalijua," akasema polepole. "Na sikulijua kwa ulimi."

Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya hasira, ingekuwa ya hasira ningejua pa kujificha.

"Mama, hivi vidude havinionei huruma. Nikikosea vinafunga, nikipatia vinafunguka. Ndiyo maana naweza kulala usingizi. Ninyi mnaniambia kila kitu kitamu. Nitamwamini nani humu ndani?"

Nilitaka kusema nilifanya kwa kumpenda. Ilikuwa kweli, na haikufaa kitu, kwa hiyo sikusema.

Hakukimbilia kurekebisha. Mwanangu alitaka tumwage maji yote tuanze upya, akamzuia: chumvi iliyopanda kwa siku kadhaa ishuke kwa siku kadhaa, la sivyo samaki na Vifungo watakufa kwa mshtuko. Alipunguza maji kidogo, akarudishia yasiyo na chumvi kidogo, akapima, akaacha. Kesho tena. Nilimwona akiamka na kwenda kutazama kabla hajanawa uso. Kifungo cha kwanza kilifunguka pembeni kabisa ya jiwe, kimoja tu, na alasiri vikafuata vingine. Samaki wakatoka pangoni wakaanza kugombana kama kawaida yao.

Wiki ile ile nilisikia sufuria jikoni. Mwanangu na mimi tulitazamana, hatukwenda. Alikuwa amechukua mizani yangu ndogo ninayopimia nyuzi za kufuma. Kila siku alipika kidogo, akapima maji, akapima chumvi, akazima moto, na chakula akakipeleka mwenyewe kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu anayejulikana mtaa mzima kwa kutopenda kitu. Akirudi hakutuambia jirani alisema nini. Sisi tuliendelea na mayai.

Siku ya mwisho ya likizo yake ilifika. Kesho yake msimamizi wa jiko angetaka jibu. Aproni ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wangu, na jina kifuani.

Jioni ile mkwe wangu alituita mezani. Palikuwa na sahani tatu za maharage, na mvuke ukipanda. Nyuma yake, juu ya meza yangu, tangi liliwaka buluu na Vifungo vilikuwa vimetanuka vyote.

Mwanangu alionja. "Nzuri," akasema upesi. "Nzuri kabisa, mke wangu."

Mkwe wangu hata hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikatia kijiko kinywani. Maharage yalikuwa laini, kitunguu kimeiva sawasawa, na chumvi ilikuwa haijatosha. Nilitafuna polepole kuliko maharage yanavyohitaji. Nikisema kweli huenda akainuka kama siku ile, na kesho aproni ikaenda kuvaliwa na mtu mwingine, na itakuwa mdomo wangu uliomaliza. Nikidanganya atajua. Nilitazama vile vidude vya kijani nyuma ya bega lake. Havikuwa na wasiwasi wowote.

"Chumvi imepungua," nikasema.

Mwanangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikamkanyaga na mimi.

"Imepungua kiasi gani?" mkwe wangu akauliza.

"Si nyingi. Kwa sufuria yako ile, kijiko cha chai, kisichojaa."

Akainuka. Akaingia jikoni, na nikasikia sufuria ikiguswa, nikadhani anakwenda kumwaga tena. Alirudi ameibeba, na mkono wa pili ameshika kisahani kidogo. Juu ya kisahani palikuwa na chumvi, kijiko cha chai, kisichojaa.

"Niliibakiza," akasema. "Nilitaka kujua kama nina mtu."

Akaimimina ndani, akakoroga, akafunika, akangoja kidogo, kisha akanipakulia upya. Nikaonja. Niliinamisha kichwa nikala mpaka sahani ikabaki nyeupe, na sikusema kitu, na yeye alinitazama muda wote huo akicheka bila sauti, machozi yakimshuka.

"Kule jikoni nitapima kwa mizani," akasema alipojipangusa. "Na wasaidizi wangu nitawafundisha kuonja na kusema ukweli. Asiyeweza, nitamleta akae na wewe mwezi mmoja."

"Mwezi ni mwingi," nikasema. "Wiki inatosha."

Akaanza kukusanya sahani. "Mama, kile kisu cha kufumulia ulikipata?"

Nikatia mkono mfukoni, nikakitoa, nikakiweka mezani kando ya kisahani. "Kilikuwa humu siku zote."

"Najua," akasema. "Ulikuwa unanichoma nacho kila ukikaa karibu yangu. Kirudishe mfukoni, kisha niletee aproni yangu."

Nikainuka kwenda kuileta.